Ushirika na Kujikwamua Kiuchumi Katika Njia ya Misafara

Katika karne ya 19, kijana wa Unyamwezi aliyetaka kujikwamua alikwenda pwani na kurudi. Kutoka Tabora, huko Unyamwezi, hadi Bagamoyo ya pwani ni zaidi ya kilomita 800, mwendo wa miezi mitatu hivi kwa miguu, na begani mzigo wa takriban kilo 30 wa meno ya ndovu, nguo au shanga. Aliyerudi salama alikuwa na kitu cha kutolea mahari na kununulia ng'ombe. Lakini hakuna aliyesafiri peke yake. Wapagazi walijigawa katika kambi ndogondogo. Wenzi wa kambi moja walichangia chungu, moto na kibanda cha kulala. Ujira na posho walivitetea kwa pamoja, na mfanyabiashara aliyewapunja aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo ipo, watu hawapo.

Njia hiyo ilikuza pia utani. Mnyamwezi aliyefika Uzaramo alikuwa mbali na ndugu zake, hana wa kumlisha akiishiwa wala wa kumzika akifa. Kazi hiyo ilibebwa na mtani. Mizaha inayosikika misibani hadi leo imesimama juu ya wajibu huo mzito, na ni haki kuuhesabu kuwa bima ya wasafiri wa zama zile.

Neema ya safari hizo haikuwafikia wote. Sehemu ya mali iliyotoka safarini ilinunua watumwa, nao ndio waliolima mashamba wakati wenye nyumba wako njiani. Historia yoyote ya mafanikio ya Tabora inayowaruka watu hao ina pengo kubwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ulikufa, na vijana wengi wakaishia kuwa manamba katika mashamba ya mkonge.

Mazao mawili yaliwapa watu sababu ya kushikamana upya nyumbani. La kwanza ni asali ya misitu ya miombo. Mfuga nyuki anayetundika mizinga ya magome ndani kabisa ya msitu hana namna ya kumfikia mnunuzi wa mbali, wala hawezi kumtosheleza kwa ndoo zake chache. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora, kilichoanza mwaka 1962, kilikusanya asali na nta za wengi, kikazisafisha na kuziuza kwa jina moja. Zao la pili ni tumbaku, iliyoshika Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuvunjika mwaka 1951. Tumbaku inahitaji mbolea kabla ya mvua na kuni kwa ajili ya mabani ya kukaushia; mkulima mdogo hana fedha za kuvilipia mwezi wa Oktoba. Chama cha msingi humkopea pembejeo, kisha hukata deni siku ya soko.

Mfumo huu umesomesha watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi kwa bati. Umeumiza pia. Deni la chama ni la wanachama wote, hivyo aliyepeleka marobota yake yote amejikuta akimlipia jirani aliyeuza kwa njia ya panya, au akilipia uzembe wa viongozi. Serikali nayo ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982; vilivyorudi vilikuwa na kazi ngumu ya kujenga upya imani ya wakulima. Zaidi ya hayo, kadi ya uanachama mara nyingi ina jina la baba. Mama aliyepanda, kuchuma na kufunga majani husikia habari za malipo mezani.

Hapo ndipo VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vimeziba pengo. Wanachama ni wachache, wote wanafahamiana. Kila wiki sanduku la chuma lenye kufuli tatu huwekwa katikati. Watu watatu tofauti wana funguo, wa nne ndiye anayelitunza. Hisa zinahesabiwa mbele ya macho ya kila mmoja, mfuko wa jamii unatengwa kwa ugonjwa na misiba, kisha mikopo inatolewa. Asiyejua kusoma anaona fedha yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kipimo kigumu zaidi cha ujumuishi kiko Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko, wakalima mahindi na tumbaku kwa miongo minne wakiwa wageni kisheria. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Mkulima mwenye uraia anaweza kugombea uongozi, kuhama na kufanya biashara popote nchini bila kibali cha kutoka makazini. Lakini kwa wanawake, vyama vya Tabora bado vina deni moja la kulipa: kuandika jina la mwanamke kwenye kadi ya uanachama kwa shamba analolilima.