Mafuta ya Upako Chini ya Godoro

Mwezi huu sikuletei kisa cha shoga yangu wala cha jirani. Nakuletea changu mwenyewe, tena cha aibu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mlingotini, nyumbani kwa wakwe zangu. Niko uani nasuuza vyombo, nikasikia mama mkwe ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaingia chumbani. Shuka ziko chini, godoro limeinuliwa, na mkononi ameshika kichupa cha mafuta kilichoviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

“Mwanangu, hiki ni nini?”

Kama wewe ni mtu wa pwani umeshaelewa. Mwanamke akikutwa na kichupa chini ya godoro la mumewe, watu hawaulizi mara mbili. Ni limbwata. Kamroga mtoto wa watu.

Mimi nilijua ni mafuta ya upako. Lakini nilipofungua mdomo nieleze, nikagundua kwamba maelezo yangu yanafanana na ya mganga: nimepewa na watu, yameombewa, nimeambiwa niyaweke kwao mume bila yeye kujua, ili moyo wake ugeuke. Sasa hapo tofauti iko wapi?

Mama hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akasema taratibu, “Mimi nimekuogesha kwa mikono hii.”

Hapo ndipo nilipolia.

TULIVYOKUTANA

Mimi ni binti wa Kichaga, Mlutheri, nimekulia kwaya ya vijana. Mume wangu ni Mwislamu wa Mlingotini. Tulikutana kazini Dar, tukapendana, ikaja ile ishu ambayo wengi wenu mnaijua: tunafunga wapi? Baba yangu alisema kanisani au basi. Kwao walisema hakuna neno, kwa sababu dini yao inamruhusu mwanaume kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu. Mwisho tukaenda bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu watu wa dini mbili kufunga ndoa ya kiserikali. Unapeleka taarifa siku 21 kabla, ikipita bila pingamizi, mnafunga. Kila mtu anabaki na dini yake.

Kwenye karatasi ni rahisi hivyo. Moyoni siyo. Nampenda huyu mwanaume, na ninaamini kwamba Yesu ni Bwana. Ukiamini kitu kama hicho huwezi kukaa kimya milele na mtu unayelala naye kitanda kimoja. Kuna Jumapili nilikuwa nakaa kanisani peke yangu, mbele yangu wamekaa mke na mume wanashika kitabu kimoja cha nyimbo, nabaki natazama migongo yao.

Basi nikapeleka hoja yangu kwenye kikundi cha maombi cha akina mama. Wakanipokea vizuri, tukafunga, tukakesha. Jina la mume wangu likawa linatajwa kila Ijumaa usiku, na watu ambao hawajawahi hata kumsalimia. Mmoja akaniletea yale mafuta kutoka kwenye maombi fulani mjini. Akaniambia niyaweke kwao, kwenye shina, kazi itafanyika yenyewe.

Nikayaweka.

MIKONO ILIYONIOGESHA

Sasa uelewe kwa nini lile neno la mama lilinichoma. Mwaka mmoja kabla, nilipoteza mimba ya miezi mitano. Mama yangu mzazi alikuwa anaumwa, hakuweza kushuka kutoka Machame. Mama mkwe aliacha mwani wake baharini, tena wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali na wanawake wa Mlingotini wanaweza kufika shambani. Ukikosa siku zile, unasubiri mpaka bamvu lingine. Alipanda gari na mfuko wa unga wa uji, akakaa kwangu Dar wiki tatu.

Alinikanda kwa maji ya moto. Alinilisha. Na kila alfajiri, baada ya sala yake, nilikuwa namsikia sebuleni anaomba dua kwa sauti ya chini. Kiarabu sikijui. Jina langu nilikuwa nalisikia.

Asubuhi moja nilimuuliza anasema nini. Akajibu bila kuficha, “Namwomba Mungu akupe nguvu, akupe na mtoto, na mwanangu asikuchoke.” Nikasema amina.

Yeye alikuwa ananiombea sebuleni, naye akiulizwa anasema. Mimi nilikuwa namwombea mwanawe kwa siri, kama ninayemtegea ndege.

Jioni ile ya kichupa mume wangu alirudi kutoka pwani akaelezwa. Nilitegemea agombe. Akanitazama tu, akasema, “Miaka mitatu, mke wangu. Hujawahi kuniambia hata siku moja huyo Yesu ni nani kwako. Ulishindwa kuniambia mimi, ukaenda kuliambia godoro?”

Msomaji, sikuwa na jibu. Kwa sababu ni kweli. Mungu nilimwambia habari za mume wangu, akina mama niliwaambia, kaka zangu niliwaambia. Yeye mwenyewe sikumwambia. Niliogopa atacheka, au atakasirika, au ataniuliza swali nishindwe. Mafuta yalikuwa hayaulizi maswali.

NILIKAA MISHENI

Kesho yake Jumapili nilienda Bagamoyo mjini kusali, halafu sikutaka kurudi haraka. Nikaingia pale Misheni ya Wakatoliki, nikakaa chini ya miti. Nimepita pale mara nyingi na wageni, tunapiga picha tunaondoka. Siku ile nilifikiri.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Zanzibar. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji, wakawafundisha useremala, kilimo na kusoma. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikavunja walichojenga, wakaanza upya. Wengi wa waliobatizwa pale mwanzoni walikuwa hao watoto na vijana waliokombolewa. Wenyeji wa pwani walibaki Waislamu, na mpaka leo ukitembea Mlingotini sauti inayokuamsha ni ya adhana.

Ninawaheshimu wale mapadre. Wengi wao walikufa vijana, kwa homa. Lakini nilijiuliza pia: mtoto aliyenunuliwa sokoni, akalishwa, akavishwa, akaambiwa asali hivi, alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana? Na mume wangu, aliyewekewa mafuta bila kujua, nilimpa nafasi gani?

Halafu kuna jambo jingine. Wakati wa vita ya Abushiri na Wajerumani, mwaka 1888 na 1889, watu wengi wa mji walikimbilia misheni kuokoa maisha yao, Waislamu wakiwemo. Lango lilifunguliwa. Kwa mawazo yangu, siku zile misheni ilisema habari za Yesu kwa sauti kubwa kuliko mahubiri mengi.

Na upande wa pili Bagamoyo inamkumbuka Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alizaliwa Umanyema, akaletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma, akawa mwalimu na kiongozi wa tarika ya Qadiriyya. Watu waliodharauliwa walipata heshima kwake. Mama mkwe wangu anamtaja kwa adabu kama mimi ninavyowataja wazee wa kanisa kwetu.

Kwa hiyo ninaposema “asiyeamini”, nimemaanisha nani? Mume wangu anamwamini Mungu. Anafunga Ramadhani, na mimi napika futari: tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Hajaamini ninachoamini mimi juu ya Yesu. Hilo ni jambo kubwa kwangu, silipunguzi. Lakini siyo mtu mtupu ninayekwenda kumjaza.

Nilipofika nyumbani nilifungua Biblia. Yakobo 5:14 inataja mafuta, ndiyo. Ila soma vizuri: mgonjwa mwenyewe anawaita wazee wa kanisa, wanampaka mbele ya macho yake. Hakuna godoro pale. Na Petro, kwenye waraka wake wa kwanza sura ya 3, anawaambia wake wenye waume wasioamini kwamba mwenendo wao unaweza kuwavuta. Mbele kidogo anataka Mkristo awe tayari kumjibu anayeuliza, kwa upole na heshima. Maana yake kuna kuishi vizuri, na kuna kujibu. Mimi nilikuwa nimeruka vyote viwili.

IJUMAA KUU

Nilimwomba mama radhi. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote, mpaka jina la kanisa langu na ninachokiomba. Alinisikiliza huku anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, tai moja baada ya nyingine. Mwisho akasema, “Ukiniombea mwanangu, mwombee. Dua haikataliwi. Ila usimfiche.”

Kichupa tulikimwaga pamoja.

Mwaka uliofuata, Ijumaa Kuu ilitukuta Mlingotini. Nilikuwa nimefunga. Jioni mume wangu akaniuliza, sio kwa kejeli, “Hivi mbona mnaiita kuu siku ambayo mnalia?”

Nilijibu vibaya, nakwambia ukweli. Nilianza na Adamu, nikapotea njiani. Nikaacha. Nikamwambia tu kilichonitokea mimi: usiku ule hospitali, mtoto wetu ameshaondoka, naye ametolewa nje ya wodi, mtu pekee niliyeweza kumwambia kitu ni Yesu, kwa sababu ninaamini naye aliwahi kulia akiona Mungu amemwacha. Sikuongeza neno.

Alikaa kimya muda mrefu. Kamba ya mama nayo ilikuwa imesimama mkononi. Halafu akasema, “Usiku ule mimi nilikuwa kwenye benchi nje, nasoma Yasin.” Tulikuwa hatujawahi kuambiana habari za usiku ule.

Utaniuliza, je, ameokoka? Hapana. Ijumaa anakwenda msikitini. Naendelea kumwombea kila siku, naye anajua, na kuna siku ananiambia mwenyewe, “Leo niombee, nina kikao kigumu.” Sasa nina mimba ya miezi sita, na swali la mtoto atalelewa dini gani liko mezani. Kwao mtoto anafuata dini ya baba. Kwetu baba yangu ameshaanza kuuliza tarehe ya ubatizo. Hatujamaliza. Tumekubaliana jambo moja tu: hakuna atakayefanya chochote kwa mtoto huyo kwa siri.

KAMA NA WEWE UNA MTU

Labda wako ni mume, mchumba, bosi, au mshikaji mnayekaa naye chumba kimoja. Usiache kumwombea, na usiache kumwambia. Ila chukua haya niliyojifunza kwa aibu:

1. Omba yale ambayo ungeweza kuyaomba akiwa amekaa pembeni yako. Kama maombi yako yangemdhalilisha akiyasikia, yabadilishe.

2. Mwombee na shida zake, sio dini yake tu. Kodi ya nyumba, mgongo wa mama yake, kazi. Halafu muulize iliendaje.

3. Usimtangaze. Kikundi cha maombi kinaweza kugeuka kijiwe. Mwambie kwanza yeye kabla hujawaambia wengine.

4. Simulia kilichokupata wewe. Mihadhara ya kushindana kwa vitabu tumeiona sana mjini, watu wanaondoka na hasira. Kilichokupata wewe hakihitaji mshindi.

5. Sikiliza na yeye. Ana haki ya kukueleza imani yake kama wewe. Mimi niliogopa hilo, lakini ndilo lililomfanya aniulize.

6. Mwache huru. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua imani na hata kuibadilisha. Zawadi, mkopo, mapenzi au kununiana visiwe fimbo. Na wewe ambaye bado ni mchumba: usiolewe na mtu kwa hesabu kwamba utambadilisha. Kaeni mseme kabla ya kwenda bomani, hasa habari za watoto.

Wiki iliyopita mama mkwe alinipigia. Bamvu limeanza, anakwenda shambani, lakini alitaka kwanza kujua mtoto anachezaje. Kabla ya kukata simu akaniuliza, “Umeomba leo?”

Nikasema, “Bado, mama.”

“Haya, kaombe. Na mimi nakwenda kuomba.”