Kazi ya Baba na Mimba ya Mama

Katika kartie zetu za Likasi, mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, miguu iliyopinda au mgongo ulio wazi, maneno yanaanza mbele mama hajatoka materinite. "Huyu mwanamuke alikula nini? Alipita wapi? Ni bulozi ya famili yao." Sisi wachungaji tunaitwa kuombea, na mara nyingi tunakuta mama amekwisha kuhukumiwa. Baba anakaa pembeni, hakuna mutu anamuuliza neno.

Kumbe kuna waganga waliouliza habari za baba. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walifuata materinite za Lubumbashi toka Machi 2013 mpaka Februari 2015. Waliandika watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana kwa macho. Halafu wakachukua watoto wazima 108 wa materinite zile zile, ili kulinganisha. Maana ukitazama wagonjwa peke yao hautajua kitu: mama zao wote wanakula bukari, lakini mama za watoto wazima nao wanakula bukari.

Walipima mkojo na damu ya mama, damu ya kitovu, kondo la nyuma, hata mavumbi ya ndani ya nyumba. Na wakamuuliza mama: bwana yako anafanya kazi gani?

Majibu yalitoka mwaka 2020 katika gazeti la waganga, The Lancet Planetary Health. Baba akiwa na kazi ya mambo ya migodi, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa karibu mara tano na nusu.

Tusikie vizuri, wandugu. Hii haisemi kwamba kila mchimbaji atazaa mtoto kilema. Katika miaka ile miwili Lubumbashi ilizaa watoto zaidi ya 133,000, kwa hiyo hao 138 ni kama mmoja katika elfu. Mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo. Tena watoto waliopimwa ni wachache, na watafiti wenyewe wanasema ukweli unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Lakini hata ile 1.2 iko juu ya moja.

Jambo lingine linashangaza. Madini katika damu na mkojo wa wamama wa pande mbili hayakuachana sana. Ni katika damu ya kitovu ndipo manganezi ilionekana kupanda upande wa watoto wenye kilema. Basi asitokee mutu kusema ni kobalti hii au urani ile. Inawezekana mbegu ya baba yenyewe inaumizwa kazini. Inawezekana mavumbi yanaingia nyumbani pamoja na nguo zake.

Mavumbi hayo si hadisi. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wa kusini ya Katanga. Wanaoishi chini ya kilometa tatu toka mugodi au usine ndio waliokutwa na madini mengi, na kobalti yao ilipita yote iliyokuwa imeandikwa duniani kwa watu wa kawaida. Sisi tulio na Shituru mlangoni, tujihesabu.

Kwa hiyo mimi ninawaambia wababa: salopeti isilale chumba kimoja na mama mwenye mimba, wala asiifue katika beseni moja na nguo za mtoto. Oga mbele ya kumkumbatia. Na kompani iweke maji ya kuoga pale kazini; hiyo si zawadi, ni deni. Wanaochimba kwa mikono hawana wa kumudai, basi wapitie maji kabla ya kufika nyumba.

Utafiti ule wa Lubumbashi ulionyesha na habari njema. Wamama waliokunywa vitamini wakati wa mimba, hatari yao ilishuka mpaka kama sehemu moja katika tano. Na mwaka 1991 waganga wa Uingereza walikuwa wameonyesha, kwa wamama waliokwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi, kwamba asidi foliki inapunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72.

Shida ni saa. Mgongo wa mtoto unafunga katika majuma manne ya kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama wako na mimba. Kwetu wengine wanaenda kupima mimba katika mwezi wa tano! Vijana munaojitayarisha kuoana, ulizeni kidonge hicho kwa muuguzi mbele ya ndoa. Lengalenga na maharagi vinasaidia, lakini havitoshi. Na sombe yetu tunaipika masaa mengi, moto unakula vitamini. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amuambie muganga wazi, kwa sababu kipimo chake cha dawa ni kikubwa kupita cha wengine.