Waifai ya bure safarini: chunga ukurasa wa kuingilia

Aprili 2024, wafanyakazi wa shirika moja la ndege nchini Australia walitoa taarifa kwamba ndani ya ndege ya safari za ndani kulikuwa na mtandao wa waifai wasiouelewa. Polisi walimpekua abiria mmoja alipotua Perth, wakamkuta na kifaa kidogo cha kurusha waifai, kompyuta mpakato na simu. Mtandao wake ulijifanya ule halali. Aliyeunganisha aliletewa ukurasa wa kumtaka aingie kwa nywila ya barua pepe au ya mtandao wa kijamii, na nywila hizo zikabaki kwa mwenye kifaa. Mwaka uliofuata mahakama ilimfunga zaidi ya miaka 7.

Kilichomsaidia ni udhaifu wa waifai yenyewe. Kompyuta hutambua mtandao usio na nywila kwa jina lake tu, na jina hilo mtu yeyote anaweza kulipachika kwenye kifaa chake. Mbaya zaidi, kompyuta hukumbuka majina. Ukishatumia waifai ya hoteli fulani, kesho ikiliona jina lile lile stendi au bandarini inaweza kujiunga yenyewe, bila kukuuliza. Ndiyo maana inafaa kuufuta mtandao wa aina hiyo kwenye orodha ukimaliza kuutumia.

Hofu ya zamani ilikuwa nyingine. Waifai ni mawimbi ya redio, na kwenye mtandao usio na nywila kompyuta yako ni kama abiria anayeongea na simu kwa sauti ndani ya daladala: wa jirani anasikia yote. Mwaka 2010 mtaalamu wa programu Eric Butler alitoa Firesheep, programu ndogo ya kivinjari iliyomwezesha hata asiye mtaalamu kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya mtu aliyekaa meza ya pili. Lengo lake lilikuwa kuziaibisha kampuni za mtandaoni zilizokuwa hazisimbi mawasiliano ya watumiaji wake, na aibu ilifanya kazi. Leo tovuti nyingi, za benki zikiwemo, husimba mawasiliano kwa njia ya HTTPS. Jirani ataona umetembelea tovuti gani, lakini ulichoandika humo hatakisoma. Hata Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, sasa inasema kutumia waifai ya umma kwa kawaida ni salama. Kwa hiyo wanaohubiri kwamba tusiiguse kabisa wamepitwa na wakati.

Kinachobaki ni ule ukurasa wa kuingilia. Ukiunganisha, kompyuta hutuma ombi dogo, lisilosimbwa, kwa anwani ya Microsoft au Apple kupima kama intaneti ipo. Mtandao wa hoteli hulidaka ombi hilo na kurudisha ukurasa wake badala ya jibu. Usipojitokeza, zima kwa muda VPN (huduma inayosimba mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva zake) kama unaitumia, kisha fungua tovuti isiyotumia HTTPS; neverssl.com imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Ukurasa huo unaweza kukuomba namba ya chumba, jina, pengine namba ya simu. Nywila ya barua pepe hauihitaji kwa lolote. Ukikudai, ondoka. Ondoka pia kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, hata kama una haraka. Na masasisho ya programu yanayojitokeza hapo hapo yakatae: mwaka 2014 kampuni ya Kaspersky ilifichua wadukuzi iliowaita Darkhotel, ambao walitumia waifai za hoteli za Asia kuwapa wageni wakubwa wa kibiashara masasisho bandia ya programu kama Adobe Flash.

Kwenye Windows, chagua kwamba mtandao ni wa umma, ili kompyuta yako isionekane na wengine waliomo. VPN inasaidia, ila inahamisha imani tu: sasa mwenye VPN ndiye anayeona unakokwenda, na nyingi za bure hazistahili imani hiyo. Kwa kuhamisha fedha, bando la simu yako linatosha. Iwashie kompyuta hotspoti, umalize.

Kama umewahi kuandika nywila yako kwenye ukurasa wa aina hiyo, ibadilishe leo ukitumia mtandao mwingine, uwashe na uthibitisho wa hatua mbili. Anza na barua pepe, maana aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote.