Elimu ya Mpiga Kura Ifike Mwamgongo

Mwanamke anayeanika dagaa ufukweni Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, ana kura iliyo sawa na kura ya waziri. Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotambuliwa. Sharti hilo halikumtaja mwanamke, lakini lilimfungia mlango; ni wasichana wangapi wa mwambao wetu waliofika darasa la nane zama hizo? Akina mama waliomfuata Bibi Titi Mohamed kuijenga TANU walikuwa wakipigania sanduku ambalo wengi wao wasingeruhusiwa kulikaribia. Unguja na Pemba mwaka 1957 walipiga kura wanaume peke yao, na wanawake wakangoja hadi Januari 1961.

Lakini kuwa na kura ni jambo moja, na kujua namna ya kuitumia ni jingine. Wanawake wa Marekani walilitambua hilo mapema. Mwaka 1920, katiba yao iliporekebishwa ili wapige kura (ingawa weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kwa hila hadi sheria ya 1965), Carrie Chapman Catt na wenzake waliunda umoja wa wanawake wapiga kura mjini Chicago. Umoja huo haumpigii debe mgombea yeyote. Huwauliza wagombea maswali, kisha huwapelekea wananchi majibu.

Hapa kwetu Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilifanya kazi ya namna hiyo kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Liliwahimiza wanawake wawaulize wagombea habari za ardhi, maji na afya. Mwaka 1997 serikali ililifutia usajili kwa madai kwamba linajiendesha kama chama cha siasa. Sisi twaona kwamba kumuuliza mgombea swali si kuanzisha chama. Viongozi wake walikwenda mahakamani, lakini huko vijijini somo lilikwisha katizwa.

Pengo hilo likajazwa na nani? Na mgombea ashukaye mtumbwini na khanga na sukari. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya takrima mwaka 2006, lakini hukumu haisafiri kwa boti ya abiria kutoka Kibirizi.

Kisheria, elimu ya mpiga kura ni jukumu la Tume ya Uchaguzi, nayo ndiyo inayoruhusu na kusimamia asasi nyingine. Basi asasi zisizo na mgombea zipewe ruhusa mapema, si wiki chache kabla ya kura, na zisiishie Kigoma mjini. Zitume watu wanaosema Kiha, tena wajue kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi yake akina mama huwa na kazi ya kuanika na kugeuza hadi jua litue. Anayetaka kusikilizwa Mwamgongo na aende wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.