Faida ya betri husomwa kwenye tochi

Desemba 2006, Eveready East Africa ilipoingia katika Soko la Hisa la Nairobi, watu waligombania. Hisa milioni 63, yaani asilimia 30 ya kampuni, ziliuzwa kwa Sh9.50 kila moja, na maombi yalizipita mara kadhaa. Haikuwa ajabu. Kampuni ilianzishwa 1967, kiwanda chake kilikuwa Nakuru, na betri zake zenye nembo ya paka ziliwasha tochi na redio mpaka vijiji visivyojua nguzo ya stima. Jina hilo halikuhitaji kutangazwa.

Ila anayenunua hisa hanunui faida iliyokwisha kugawanywa. Hununua itakayokuja, na hapo ndipo kazi ilipo.

Tufanye hesabu ya mfano. Hisa zote zilikuwa milioni 210, kwa hiyo bei ya Sh9.50 iliithamini kampuni nzima karibu Sh bilioni 2. Tuseme wewe hutaki pesa zako zizae chini ya asilimia 15 kwa mwaka. Kama faida haitapanda wala kushuka daima, kila hisa lazima ilete takriban Sh1.43 kwa mwaka. Gawanya kwa 0.15, unarudi kwenye Sh9.50. Sasa tuseme faida itakua asilimia 5 kila mwaka. Unatoa 5 kwenye 15, unagawanya kwa 0.10, na hisa inafikia zaidi kidogo ya Sh14. Ikiwa itanywea asilimia 10 kila mwaka, unajumlisha: gawanya kwa 0.25, na hisa haifiki Sh6. Faida ya mwaka wa kwanza ni ileile katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Mwelekeo huo hauandikwi kwenye vitabu vya kampuni. Utaupata Kihoto, pale Naivasha, kwa mfanyakazi wa shamba la maua anayetoka alfajiri na kumulika njia kwa simu. Nokia 1100, yenye tochi kichwani, ilitoka 2003, miaka mitatu kabla ya hisa hizo kuuzwa. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilianza Machi 2007, ikampa hata bibi wa kijijini sababu ya kutoacha simu izime. Simu zikabeba redio pia. Kisha taa za sola zikaja kwa malipo ya kidogo kidogo; M-KOPA ilianzishwa 2011. Ukiondoa tochi na redio, betri kubwa za mviringo zilibaki na kazi gani?

Kampuni ililalamikia betri za bei rahisi kutoka nje, bandia, na gharama za uzalishaji. Malalamiko ya haki, lakini kwa maoni yangu hayakuwa kiini. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa, betri zikawa zinaletwa kutoka Misri. Kama gharama ya kutengeneza ndiyo ingekuwa ugonjwa wenyewe, dawa hiyo ingeponya. Haikuponya.

Baadaye kampuni iliuza ardhi yake ya Nakuru, na hapa wengi hujikwaa. Faida ya kuuza shamba huingia mara moja. Huwezi kuigawanya kwa 0.15 kana kwamba litauzwa tena mwakani. Itoe kwanza kwenye faida ya mwaka, ukadirie biashara iliyobaki, ndipo uongeze fedha za ardhi baada ya kodi na madeni, ukizigawa kwa idadi ya hisa. Kwa kampuni inayonywea, sehemu hiyo ya pili inaweza kuwa nzito kuliko ya kwanza.

Si kila betri hupokonywa kazi na simu. Betri ya gari ina hesabu yake. Matatu haiwaki kwa tochi ya simu, na betri ikifa lazima inunuliwe nyingine. Hapo utahesabu magari yaliyo barabarani, betri hudumu miaka mingapi, na bei ya madini ya risasi yanayotengeneza betri hizo, ambayo mwenye kiwanda haipangi.