Mboni Inapong'aa Nyeupe

Hakuna daktari anayemtazama mtoto machoni kwa karibu na kwa muda mrefu kama mama anayemnyonyesha. Ndiyo maana saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo matabibu huiita retinoblastoma, mara nyingi hugunduliwa nyumbani kabla ya hospitalini. Taa humwangaza mtoto kwa upande, na mboni ya jicho moja ikang'aa nyeupe kama jicho la paka. Au hupigwa picha ya simu yenye mweko: jicho moja likatoka jekundu, kama ilivyo kawaida ya picha hizo, na la pili likatoka jeupe. Wengine huanza kwa makengeza tu.

Maradhi haya ni nadra. Humpata mtoto mmoja katika kila watoto 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi wao huwa hawajatimiza miaka mitano. Unadra huo ndio mtego wake. Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi umri wake wote asimwone mgonjwa hata mmoja. Akiletewa mtoto humpa dawa ya matone na kumrudisha kwao. Na mtoto mwenyewe halii, kwa kuwa mwanzoni hakuna maumivu.

Mama mmoja wa mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, mzaliwa wa huku kwetu Pwani aliyeolewa huko, alinisimulia yaliyomfika. Aliuona weupe ule mwanawe alipokuwa na miezi kumi na mmoja. Jirani akasema ni mtoto wa jicho. Mwingine akasema ni jicho la hasidi. Yakaja matone, likaja kombe, ikapita miezi miwili. Alipomfikia daktari wa macho, uchunguzi ulichukua siku chache. Kilichochukua wiki sita ni baraza la jamaa, baada ya daktari kutamka kwamba jicho liondolewe. Ikasubiriwa kauli ya ami aliyeko Mombasa, kisha ya bibi, kisha baba mtu arudi safari.

Kutoka Kongo hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta ni safari ya matatu tu. Ndugu zetu wa Kibera, mtaa ulioanzishwa na Wanubi Waislamu, wengine hufika huko kwa miguu. Hospitali ya Kikuyu, yenye kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima, nayo si mbali. Kwa hivyo siwezi kuulaumu umbali. Nalilaumu baraza, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyekaa katika mabaraza mengi ya aina hiyo. Katiba ya mwaka 2010 imewapa baba na mama jukumu sawa juu ya mtoto wao. Saini ya ami haihitajiki.

Inafaa jamaa waelewe kwa nini daktari hutaka haraka. Mtoto hulazwa kwa nusukaputi, mboni ikapanuliwa kwa dawa, na daktari akatazama hadi nyuma ya jicho. Kisha huja picha za mawimbi ya sauti, na ikibidi za mashine kubwa, kuona kama uvimbe umetoka nje. Saratani nyingine huthibitishwa kwa kuchoma sindano na kutoa kipande. Hii haichomwi, kwani tundu la sindano laweza kuimwaga nje ya jicho. Daktari huhukumu kwa anachokiona, na maabara huthibitisha baada ya jicho kutolewa. Anayedai apewe kwanza karatasi ya maabara ndipo akubali upasuaji anadai kitu kisichopatikana.

Njia ya saratani hii kuelekea ubongoni ni neva ya jicho. Ikiwa bado imo ndani ya jicho, upasuaji usiozidi sana saa moja waweza kuimaliza. James Wardrop, mpasuaji wa Scotland, alishauri jicho liondolewe mapema tangu mwaka 1809, kabla nusukaputi haijajulikana. Leo katika nchi tajiri watoto zaidi ya 95 katika kila 100 hupona. Kwetu wengi huletwa jicho likiwa limekwisha kuvimba na kutoka nje.

Wazazi huniuliza: je, si kuharibu umbo aliloliumba Mungu? Wanahistoria wetu wamesimulia kwamba Urwa bin Zubeir, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina na mjukuu wa Abubakar Swiddiq, alipatwa na donda linalokula mguu akiwa safarini Sham. Matabibu walimwambia lisipokatwa litapanda. Akaukubali msumeno. Hakuna mwanachuoni aliyemwambia kwamba ameharibu umbo lake. Kombe na dua sizikatazi. Zisomwe mtoto akiwa njiani kwenda hospitali.

Jicho lililotolewa hupelekwa maabara, na jambo la kwanza litazamwalo ni ncha ya neva iliyokatwa. Ncha ikiwa safi, huenda mtoto asihitaji zaidi. Ya mtoto wa Kongo haikuwa safi. Daktari hakusema kwamba ni zile wiki sita, wala mama hakuuliza. Mtoto alipewa dawa za saratani, kisha mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Mionzi yenyewe ni dakika chache na haiumi, lakini mtoto mchanga hatulii, basi kila asubuhi alilazwa usingizi. Kabla ya usingizi huo maziwa ya mama yanatakiwa yakome saa nne, na mama huyo anasema kumnyima ziwa mtoto anayelia kulimshinda kuliko yote. Mtoto yu hai. Anakwenda chuoni na amefika juzuu ya pili.

Mionzi ina gharama yake: kwa mwenye maradhi ya kurithi huongeza hatari ya saratani nyingine ukubwani, ndiyo maana siku hizi haitolewi ila palipo na haja. Zamani mgonjwa wa Pwani hakuwa na budi kuifuata Nairobi. Sasa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ina kituo chake cha saratani.

Baada ya wiki kadhaa mtoto huwekewa jicho la bandia. Halilazimu kutolewa wakati wa kutawadha, kwani ndani ya jicho si katika mahali pa faradhi pa kuoshwa. Wasichana husumbuka zaidi posa zinapoanza. Posa hiyo ielezwe wazi, wala si aibu.

Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto mnachopewa kliniki kina sehemu ya kukagua macho: anapozaliwa, miezi sita, na miezi tisa. Mara nyingi sehemu hiyo huachwa tupu. Mwombeni muuguzi aijaze. Mtoto akikutwa na maradhi haya, ndugu zake wadogo nao wakaguliwe. Na aliyepona utotoni, mume au mke, amweleze daktari mapema ujauzito unapoingia: kwa maradhi ya kurithi kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuyabeba, na macho ya mtoto huyo hutazamwa na daktari tangu wiki za mwanzo za kuzaliwa kwake.