Pugu na Reli Zake

Mtu wa Pugu hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa katikati ya mji wa Dar es Salaam, penye kazi yake, ni mbali naye kadiri ya kilomita 20. Nauli hutoka katika mshahara wake, na saa za njiani hutoka katika maisha yake. Kwake yeye, stesheni si jengo la kutazamwa. Ni sehemu ya riziki.

Reli ya kwanza kupita vilima vya Pugu ni Reli ya Kati. Wadachi walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Haikukusudiwa kumfikisha mfanyakazi kazini. Ilikusudiwa kuteremsha mali ya bara pwani. Ilipasa kungoja hata Oktoba 2012 ndipo magari ya moshi ya abiria wa mjini yalipoanza: moja likaenda Ubungo kwa reli hiyo, jingine Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Baadaye huduma hiyo ilifika Pugu pia.

Aprili 2017 jiwe la msingi la reli mpya liliwekwa papa hapa Pugu, na Juni 2024 magari ya umeme yakaanza kuchukua abiria mpaka Morogoro. Pugu ikapata stesheni ya pili.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Upana wa Reli ya Kati ni milimita 1000. Wa TAZARA 1067. Wa reli mpya 1435. Mji mmoja, reli tatu, wala behewa la kawaida la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Wanaokutana ni watu, nao hukutana kwa miguu. Ikiwa njia ya kutoka stesheni hii kwenda ile ni mbovu, au gari moja laondoka kabla ya jingine kufika, basi faida ya fedha nyingi za wananchi hupotea katika hatua chache za vumbi.

Upana wa chuma haubadiliki upesi. Ratiba hubadilika kwa kalamu. Njia yenye taa, basi lingojalo, na saa zipatanazo si mambo makubwa, lakini bila hayo reli tatu hubaki tatu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Reli mpya ndiye mgeni. Mwenyeji ni yule aamkaye Pugu alfajiri. Naye hapana budi apone.